Mwaka Nilichunga Musi ya Monsieur Lobho

Mama Veronika alikufa mwezi jana, hapa Bunia, kwa kitanda yake mwenyewe, na mutoto wake Lotsove ndiye alinipigia telefone. "Koko Ngave," alisema, "mama ametuacha. Kuya kwetu." Lotsove mwenyewe sasa iko na wajukuu, lakini ananiita vile wajukuu wake wananiita. Nilimupa pole, nikauliza saa ya maziko, kisha nikasikia mudomo yangu inauliza kitu ingine: "Na Yaya Feza, mumemujulisha?" Akauliza, "Feza gani?" Nikamuambia, "Mupishi wenu wa zamani, weye ulikuwa ungali mudogo. Iko Komanda, watu wa parokia ya kule wanamujua." Lotsove akasema, "Aa, yule wa sumu," vile mutu anasema yule wa kona, ao yule wa kioski. Hakusema na ubaya. Ndivyo alisikiaka tangia utoto, na sababu ni miye, na yeye hakujua. Nilisoma mpaka deuxième primaire tu, darasa ya pili, na mukono yangu inaandika polepole, lakini majina ya watu haijanipotea hata moja. Naandika juu ya mwaka moja. Habari ya baba yangu na ng'ombe yake, na namna nilitoka kwetu kuja Bunia, wacha ibaki. Naanzia kwa mulango ya nyumba ya Monsieur Lobho, nikiwa na miaka kumi na saba na kitenge moja ya kubadilisha.

Nyumba ile ilikuwa ya matofali ya kuchoma, karibu na masomo ya segondere kwenye Monsieur alikuwa anafundisha biolojia. Jikoni ilikuwa inje, chini ya mabati, na pale ndipo Feza alikuwa anatawala. Feza alinipita miaka nane hivi, ndiyo maana nilimuita yaya, dada mukubwa. Alikuwa mutu wa mifupa mikubwa, na kicheko yake ilikuwa inasikika mpaka barabarani, na sombe yake, yale majani ya muhogo, hata leo sijakula ingine kama ile: alikuwa anaitwanga asubui, anaiacha kwa moto ya polepole mpaka saa sita. Chumba ya mwisho ya nyumba, kwenye watu wengine wangeweka magunia ya maharagi, ilikuwa ya Monsieur. Ndani mulikuwa meza, vitabu, taa, na sanduku ya kioo, urefu yake kama kitanda ya mutoto, yenye seremala alitengeneza na vioo ya kabati ya zamani. Chini ya sanduku Monsieur alipanga vipande ya matofali, juu yake makaa, juu yake udongo ya pori ya Mambasa, kisha mawe na kipande ya muti yenye kuoza. Na juu ya vyote, musi. Ndivyo Monsieur aliita ule ukijani wenye kuota kwa mawe na kwa ukuta kwenye maji inapita, laini kama manyoya ya kifaranga. Siye kwetu hatukuwa na jina yake. Tuliita tu uchafu.

Ndani ya ile musi mulikuwa vyura. Si wale wa mutoni wenye kupiga kelele. Hawa walikuwa wadogo kama ncha ya kidole, rangi ya majani ya kukauka, na walikuwa wanalia kama baiskeli yenye haina mafuta. Monsieur aliwaleta yeye mwenyewe kutoka Mambasa, kwa sufuria yenye kifuniko, akiipakata juu ya lori ya mbao. Siku ya kwanza alinieleza akisimama, kama vile miye peke niko darasa nzima. "Binti, chura mwingine anataga kwa maji, mutoto anatoka na mukia, anaogelea, kisha miguu inaota. Hawa, hapana. Hawa wanataga ndani ya musi, kwenye baridi. Mutoto anatoka kwa yayi akiwa chura kamili. Nimesoma kwa kitabu. Sijaona kwa macho." Kule Kisangani kulikuwa Profesere Bolamba, mutu mukubwa wa elimu ile, na alikuwa ameandika barua kwamba atapita Bunia mbele ya mwisho wa mwaka wa masomo. Monsieur alitaka amuonyeshe yayi inapasuka na chura anatoka. Musi ikikufa, vyura hawatagi. Basi miye, zaidi ya kufagia na kuosha sahani, kazi yangu ilikuwa musi: asubui na jioni kunyunyiza maji ya mvua na kopo yenye kutobolewa na musumari, kufungua kifuniko kidogo saa ya joto, na kutotia mukono ndani hata siku moja. "Musi ikibaki nzima mpaka Profesere afike," Monsieur aliniambia, "mwaka wenye unakuya nitakutafutia benchi kwa foyer ya masista, ujifunze kusoma vizuri, na kushona." Ile neno, benchi, nililala nayo na kuamuka nayo.

Ile ndiyo mwaka serikali ilisema tuache majina ya ubatizo. Monsieur Alphonse akakuwa citoyen Lobho, raia Lobho, kwa masomo yake, miye nikaacha Yustina, nikabaki Ngave. Mama Veronika, muke ya Monsieur, ndani ya nyumba alikataa, akabaki Veronika. Feza alitucheka siye wote. "Miye ni Feza tangia tumbo ya mama, hawana kitu ya kuninyang'anya." Siku moja aliingia kunitazama nikinyunyiza, na sahani ya maharagi kwa mukono, akaweka macho karibu na kioo. "Majina yote ile imeachwa bule," alisema. "Wacha tupatie hawa." Akaanza kubatiza, akionyesha na kidole. "Huyu mwenye kusimama juu ya jiwe kama anatoa lesoni, ni Alfonsi. Huyu mwembamba, anaogopa kivuli yake, ni weye, Yustina. Hawa ni Filomena, Petro, Agata. Na huyu munene, mwenye kukatalia wengine kupita, huyu ni Veronika." Nilicheka mpaka maji ikamwangika chini. Hatukujua Mama Veronika alikuwa kwa korido na nguo za kupasi. Hakuingia. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Feza, maharagi inaungua." Maharagi haikuwa inaungua, ilikuwa kwa sahani. Tangia ile siku chakula ya Feza haikukosa kasoro mezani.

Kwa likizo ya Paska Monsieur alipanda lori ya Mambasa kutafuta vyura wengine, na Mama Veronika akaalika wamama wa kanisa. Alisimama kati ya salon akaniambia: "Ngave, hii nyumba nzima ing'ae. Nikiona uchafu kwa kona hata moja, utarudi kwenu." Hapa inafaa nieleze namna tulilelewa. Kwetu binti anaamuka mbele ya jua anafagia kiwanja, na akiacha ukijani iote kwa mutungi ya maji, wageni wanasema mama yake hakumufundisha. Tulikuwa tunasugua na majivu. Majivu ilikuwa sabuni yetu, na tena ndiyo tulikuwa tunamwanga kwa maharagi shambani ili majani ikolee. Basi nilifika kwa chumba ya Monsieur, nikaona kioo ya sanduku, ndani, imeota ukijani kama mutungi ya mwanamuke muvivu. Nikafikiri wamama wale wataingia, watacheka. Feza alikuwa ameenda soko. Nikachota majivu jikoni, nikafungua kifuniko, nikasugua kioo yote ndani na kitambaa ya maji. Ikang'aa, nikafurahi. Kisha nikaona musi upande moja imekuwa manjano kidogo, na nikafikiri vile mutu wa shamba anafikiri. Nikatwaa majivu yenye ilibaki, nikaimwanga juu ya musi kwa vidole, polepole, bila kuacha nafasi, nikanyunyiza maji ili ishuke vizuri. Wamama walikuja, wakakunywa chai, wakaimba. Hata moja hakuingia ile chumba.

Siku ya pili musi ilikuwa kama majani ya chai yenye imekwisha kupikwa. Petro alilala kwa tumbo, miguu nyuma. Agata vilevile. Yustina nilimukuta chini ya muti, amekauka. Filomena alikufa kwa mukono yangu wakati nilikuwa namutoa. Walibaki Alfonsi, Veronika, na wengine wane wenye Feza hakuwa bado amewabatiza. Feza alikuja kusimama kwa mulango.

"Umefanya nini?"

"Sijui."

"Ngave."

"Sijui, yaya."

Aliangalia sanduku, akaangalia mikono yangu. Kisha akaleta beseni ya maji ya mvua, akanisaidia kuwaosha moja moja wale walibaki, yeye mwenye alikuwa anaogopa hata kuwagusa. Hakuuliza tena.

Monsieur alirudi na vumbi kwa nyusi, bila chura hata moja. Aliingia kwa chumba yake, akafunga mulango. Kwa chakula ya jioni nilisimama nyuma ya pazia na sahani sita kwa mikono, nikingoja waniite, na niliwasikia wakisema polepole. "Uliza Feza," Mama Veronika alisema. "Pompi ya dawa ya mende inakaa kwake jikoni." Monsieur akasema, "Feza hawezi." "Hawezi? Mutu mwenye anapatia chura jina ya bibi yako, hawezi? Leo ni vyura. Kesho ni sahani. Lotsove anakula kwa mukono wa nani?" Kijiko ya Monsieur niliisikia ikiwekwa chini. Akaita Feza, na Feza akaja na mikono ya maji.

"Feza, ulipuliza dawa kwa chumba yangu?"

"Hapana, Monsieur."

"Nani basi?"

"Monsieur, kwa hii nyumba siye ni watu wengi. Uliza wote."

Akaniita. Nilipita pazia na sahani zangu. Aliniuliza, "Ngave, uliona Feza na pompi?" Nikajibu, "Pompi inakaaka jikoni, Monsieur." Ilikuwa kweli. Nimejibu watu maneno mengi kwa maisha yangu, na uongo kidogo ndani yake, lakini ile jibu ya kweli ndiyo mbaya kupita zote. Feza alinitazama mpaka nikaweka macho kwa sahani. Asubui alifunga vitu vyake kwa kitenge, akamuaga Lotsove kwa kumunusa kichwa, akaniambia kwa kiwanja, "Maji ya mvua iko kwa pipa ya nyuma, hii ya mbele iko na kutu," na akatoka.

Watu wenye hawajafanya kazi ya jikoni kwa nyumba ya wengine hawatajua kitu ile neno inafanya. Mwizi, watu wanaficha vitu vyao na wanamupa kazi. Muvivu, wanamupigia kelele. Lakini mupishi wa sumu, nani atakula mukono yake? Ndani ya wiki mbili, mutaa yote ilijua. Feza aliomba kazi nyumba tatu, na ya tatu hawakufungua mulango. Akaenda Komanda kwenye malori inasimama, kwenye hakuna mutu alikuwa anamujua, akaanza kupikia madreva kando ya barabara. Tulisikia kwamba kila mara lori ya Bunia inasimama, anajificha nyuma ya kibanda na anatuma mutu mwingine apakue.

Benchi ilikuwa ingali yangu. Siwezi kusema nilikuwa sijui nafanya nini. Nilikuwa najua, na nilikuwa nataka benchi. Monsieur aliniambia, "Anza upya," na nikaanza. Nilimwanga udongo yote, nikaosha matofali na makaa kwa maji ya mvua mara nyingi mpaka maji ikatoka safi. Vyura wale sita walikaa kwa beseni yenye majani, chini ya meza. Musi niliitafuta kwa chemchem, kwa misingi ya nyumba ya zamani, kwa tanki ya maji nyuma ya kanisa. Ya kwanza niliikata na kisu pamoja na matope yake. Wiki moja ikipita, ikaota manyoya meupe na kunuka. Ya pili niliinywesha sana, ikakuwa nyeusi chini. Nikajaribu hata maziwa ya kuganda, juu kwetu kitu yote yenye haikui inapewa maziwa. Chumba ilinuka siku tano, na Mama Veronika alikulia inje. Mwisho niliacha kujaribu, nikaanza kutazama. Nilikuwa naenda kukaa chini kwa ile tanki, karibu na ukuta, kama mutu mwenye hana kazi. Nikaona haioti kwenye bomba inamwanga. Inaota kando, kwenye matone inapasuka na kuruka kama moshi, upande wenye jua haifiki. Nikaivuta kidogo: mizizi hakuna, imejishika tu kwa tofali kama ulimi ya ng'ombe. Basi haikunywi na chini. Inakunywa na mwili yote, kama vile Monsieur alisema chura anakunywa na ngozi. Kopo yangu ya musumari ilikuwa inaipiga na mvua ya mawe.

Mutu mwenye alijua kufanya moshi ya maji alikuwa Papa Saidi, mwenye kupasi nguo karibu na soko. Alikuwa na pasi ya makaa, nzito, na kopo ya maji kando. Alikuwa anajaza mudomo, anapuliza juu ya suruali, na maji inatoka kama ukungu ya asubui, hakuna tone hata moja. Nilisimama pale mpaka akanitazama.

"Binti ya kwa Lobho, unataka nini?"

"Papa, nifundishe kupuliza maji."

"Unataka kuninyang'anya kazi! Uko na suruali ngapi?"

"Ni ya manyasi, papa. Ya ndani ya sanduku."

Alicheka mpaka akaweka pasi chini ili isiunguze kola ya mutu. Kisha akanifundisha. "Kaza midomo. Usiteme. Ukitema, nguo inalowana. Ulimi nyuma ya meno, pumzi itoke tumboni." Siku mbili nilijilowanisha kitambaa na kifua, na watu wa soko walikuwa wanapita wakisema, "Papa Saidi, umepata bibi wa pili ao umepata bomba?" Siku ya tatu ikatoka ukungu. Papa Saidi akainamia kola yake na akasema, bila kunitazama, "Sombe ya Feza nilikula kwa ile jikoni yenu miaka mitatu, kila nikileta nguo. Niko hapa, napasi." Alingoja. Nilijaza mudomo maji, nikapuliza, juu mutu mwenye maji kwa mudomo hawezi kujibu. "Sawa," alisema, "umejua," na akarudi kwa kazi yake.

Niliosha musi kwa maji ya mvua mpaka matope yote ikatoka, nikaikata vipande kama sarafu, nikaikandamiza na kiganja juu ya matofali yenye kulowana, bila udongo. Asubui, saa sita na jioni nilipuliza. Saa sita kifuniko nilikisukuma kidole moja. Dirisha nilitundika gunia ili mwangaza iingie bila jua. Vile vipande ikatafutana polepole, ikashikana, na siku moja sikuona tena tofali. Tukarudisha vyura. Alfonsi akapanda jiwe na kuanza kulia, na jina yake sikumuitia tena, juu mwenye kumuita hakuwako. Mayayi Monsieur ndiye aliiona wa kwanza, imelala ndani ya musi kama punje za mutama, lakini inapitisha mwangaza. Aliita Mama Veronika, na hata yeye alikuja na Lotsove kwa kiuno, akatazama, akasema, "Basi ni hii."

Profesere Bolamba alikuwa mutu mufupi, viatu vyake vikubwa. Alitandika kitambaa chini akapiga magoti mbele ya sanduku, na alikaa vile mpaka jua ikahama kwa ukuta. Nilikuwa naleta maji ya kukunywa wakati yayi moja ilitikisika, ikapasuka, na chura akatoka, mudogo kama nzi, na miguu yake yote. "Citoyen Lobho," Profesere alisema polepole, "hana mukia." Monsieur alikuwa anashika ukingo wa meza. Kisha Profesere akagusa musi na kidole. "Nani alichunga hii?" Monsieur akasema, "Huyu binti." "Nani alikufundisha, binti?" Nikasema, "Ukuta ya tanki, Profesere, na Papa Saidi wa pasi." Walicheka wote wawili, na nilisikia benchi imekaribia, naweza kuigusa. Profesere akasema, "Barua yako, citoyen, ilisema kulikuwa na musi ingine." "Ilikufa," Monsieur alisema. "Mupishi alitia dawa ya mende." Profesere akageuka, angali kwa magoti.

"Dawa ya mende? Na musi ilikufa?"

"Yote."

"Nini ilianza kufa?"

Wakati ile Monsieur alikuwa Mambasa, basi alinitazama miye. "Musi," nilijibu.

"Dawa ya mende inaua chura, musi inaiacha," Profesere alisema. "Yenye kuanza na musi ni chumvi, ao chokaa, ao majivu." Alinitazama bila ukali, kama mutu mwenye anataka tu kujua. "Binti, kuko mutu alitia kitu kama ile?"

"Sijui, Profesere."

Monsieur alikuwa anatazama gunia kwa dirisha. Nilingoja aniulize yeye. Alijipangusa mikono na akasema, "Twende tukule, Profesere, chakula inapoa."

Nimemufikiria sana Monsieur kwa ile dakika. Alikuwa mutu wa haki. Hakuwahi kunipigia kelele. Naona alijua. Lakini kujua kwa sauti ilikuwa ni kupanda lori mpaka Komanda, ni kumuambia bibi yake mbele ya watu kwamba amekosea, ni kuharibu siku yenye alingojea. Ilikuwa rahisi kula. Simulaumu, juu miye ndiye nilibeba sahani. Mwaka wenye ulifuata walimuita Kisangani, akaenda na nyumba yake yote; kisha ya miaka mingi Mama Veronika akarudi Bunia, mujane, na Lotsove. Sanduku ilivunjwa, vioo ikarudi kwa kabati. Juu ya benchi hakuna mutu alisema kitu, na miye sikuuliza. Ningeuliza na mudomo gani? Nilirudi kwetu, nikaolewa na Budza, nikazaa, kisha tukahamia Bunia. Kusoma vizuri nilijifunza nikiwa mama mukubwa, kwa kanisa, pamoja na wazee wengine. Ukijani wenye kuota kwa mutungi yangu siusuguaki, na wakwe zangu wanasema kati yao kwamba Mama Ngave ni muvivu.

Sasa matanga ya Mama Veronika. Ilikuwa kwa kiwanja ya Lotsove, kule mutaa ya Mbunya, chini ya bashi, turubai mbili zenye kushonwa. Feza alifika kutoka Komanda juu ya moto, pikipiki ya kukodi, amefunga kichwa na kitambaa sababu ya vumbi. Amekonda, mifupa ndiyo imebaki. "Yaya," nilimuambia. "Ngave," alijibu, na akakaa kwa mukeka yangu, juu ilikuwa na nafasi. Tulisema juu ya maumivu ya magoti, juu ya barabara, juu ya watu wenye wamekufa. Siku tatu tulilala pamoja na hatukusema ile neno. Siku ya kumaliza matanga wamama walikuwa kwa masufuria, na Feza, kama mwanamuke yeyote, alijifunga kitenge ya pili akaenda kusaidia. Nilimuona akishika kijiko kubwa ya kupakulia. Muke ya ndugu wa Lotsove aliitoa kwa mukono yake, polepole, na heshima yote. "Mama, weye kaa tu, uko mugeni." Wakati Feza aligeuka, mwingine akasema chini ya pumzi, "Siye tunataka kula hata kesho," na wakacheka na pua. Hawa ni watoto wadogo, ile mwaka hawakuwa bado kuzaliwa. Feza alirudi kwa mukeka, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti, moja upande huu, moja upande ule, kama vitu ya mutu mwingine yenye anachunga.

Katekista alisimama kufunga. Alisema vile wanasemaka: kama kuko mutu iko na neno na marehemu, ao na nyumba yake, aseme leo, juu kesho tunaondoa mikeka. Nilisimama. Walitaka kunipa mikro, nikaikataa. Nikasema, "Miye ni Ngave, nilibatizwa Yustina, nilitumika kwa Mama Veronika. Vyura wa Monsieur Lobho, Feza hakuwaua. Hakutia dawa. Niliwaua miye, na majivu, juu nilitaka kusafisha. Walikuwa Petro, Agata, Yustina na Filomena. Monsieur aliniuliza, nikamuachia Feza. Profesere Bolamba aliniuliza, nikasema sijui. Nilijua." Mutu nyuma alicheka. Katekista akainama kwangu. "Mama, hii neno ni juu ya vyura?" "Ni vyura, katekista. Na ni mupishi mwenye walifungia milango." Akanyoka. Watu walianza kugeuka kumutafuta Feza kwa macho, na yeye alikuwa anatazama mbele, hakusogea.

Lotsove ndiye aliamuka. Alienda kwa masufuria, akatwaa kijiko kwa mukono ya muke ya ndugu wake, akakuja kupiga magoti mbele ya mukeka na miaka yake yote ile. "Mama Feza," alisema, "utupakulie." Feza alitazama ile kijiko mpaka nikafikiri hataishika. Kisha akasimama, akaenda, akafunua sufuria ya sombe, akanusa. "Hii ilipikwa na haraka," alisema, na ile sauti ilifika mpaka barabarani, na wale wamama wakaweka macho chini. Akaanza kupakua. Akapatia katekista, akapatia wazee, akapatia Lotsove, akapatia muke ya ndugu wa Lotsove na yule mwenye alicheka, akapatia watoto, akaita hata mutu wa moto mwenye alimuleta. Alibeba sahani yeye mwenyewe, mbili mbili, akakataa kusaidiwa. Mbele yangu alipita mara tatu. Watu walikula, wakasifu, wengine wakaomba tena, na akawaongezea. Yangu hakuileta. Nilingoja mpaka alikaa kwa mukeka na sahani yake mwenyewe. Kisha nikasimama, nikaenda kwa sufuria, nikajipakulia yenye ilibaki chini, nikarudi kukaa kando yake, nikakula, nikamaliza.